Hanibali kwenye Meza ya Pasi

Harufu ya pasi ya moto juu ya pamba yenye unyevu hunirudisha Ganshoren, pembeni mwa Brussels, kwenye chumba kimoja tulichoishi mimi na Papa nilipokuwa na miaka kumi. Leo asubuhi nilikuwa napiga pasi shati lake jeupe, mvuke ukanipanda puani.

Papa alikuwa mwalimu wa historia kule Bukavu. Hapa Brussels kazi yake ilikuwa kungoja. Alingoja makaratasi ya ukimbizi, maana bila hayo Mama, aliyebaki Bukavu, asingeweza kutufuata. Shati lile alikuwa amelivaa mara moja tu, siku ya kuhojiwa. Lakini kila Jumapili tukitoka misani alilinyunyizia maji na kulipiga pasi upya, ili wakimwita tena wamkute tayari. Jumapili, ofisi zote zimefungwa, na yeye anajiandaa! Nilimcheka kimoyomoyo.

Akiwa anapiga pasi, alinisimulia habari za Hanibali, jemadari wa Kartago aliyewatesa Warumi zamani sana. Shati ndilo lilikuwa ramani. Kola ilikuwa milima ya Alpi. Pasi ikipanda pale polepole na kutoa mvuke, ndio tembo wake wa vita wanahema kwenye theluji. Kisha wanateremka mgongoni, na mgongo wote ni Italia. Papa alipigana vita vyote pale, mtoni, ziwani, hadi uwanda wa Kane, ambako Hanibali aliwaacha Warumi waingie katikati kichwa kichwa, halafu akawafunga pande zote. Hapo Papa alisimamisha pasi hewani, uso unang'aa, utadhani ni yeye aliyepanga.

"Na kisha, Papa?"

"Kisha alingoja, maman." Aliniita maman, yaani mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita mabinti zao. "Alingoja batu ba kwabo bamutumie basoda, askari bengine. Miaka mingi."

"Balikuja?"

"Bon, tukule sasa."

Kwa hiyo shuleni, tulipoambiwa kila mmoja aeleze maisha ya adui mmoja wa Roma, nilisimama kifua mbele. Nilibeba hata fulana yangu ya kuonyeshea Alpi. Mwalimu wetu, Madame, akauliza jemadari wangu aliishia wapi. Sikujua. Nikajibu kwamba alirudi kwao, akazeeka pamoja na mke wake. Wenzangu wakaangua kicheko. Madame akanisahihisha taratibu: aliitwa nyumbani, akashindwa huko huko, akakimbia, akawa anaomba hifadhi kwa mfalme huyu na yule, hadi wa mwisho alipokubali kumtoa kwa Warumi. Nyumba ikazingirwa, naye akanywa sumu. Niliona aibu ya kufa.

Ilikuwa Jumanne, lakini nilipofika nyumbani nilimkuta Papa anapiga pasi. Sikujiuliza kwa nini. Nilitupa mkoba chini.

"Papa, balinicheka bote! Hanibali yako alikunywa sumu. Alikufia kwa batu, mbali na kwabo. Ulinidanganya!"

Hakugeuka. Mkono wake ulibaki juu ya pasi, na pasi juu ya shati, hadi harufu ya kuungua ikajaa chumbani. Mimi ndiye niliyechomoa waya.

"Nilijua, maman," akasema. "Nilijua tangu mwanzo."

Kitandani palikuwa na bahasha iliyofunguliwa. Barua ile niliisoma nikiwa mtu mzima: walikuwa wamemkatalia, na ilifika siku ile ile. Basi Papa hakuwa amenidanganya. Alikuwa akilifunga somo mapema kila Jumapili ili sisi wawili tusifike mwisho, na mimi ndiye niliyeingia na kumsomea mwisho wenyewe, kwa hasira za mtoto aliyechekwa. Nimetafuta cha kunifariji katika hilo, sijapata. Makaratasi yalitoka miaka mingi baadaye, Mama akiwa ameshazikwa Bukavu bila sisi. Hanibali hakutajwa tena nyumbani kwetu.

Kesho tunamzika Papa, hapa hapa Brussels. Mtu wa huduma za mazishi alipolipokea shati aliliona doa la pasi, la kahawia, katikati ya mgongo. Akaniuliza kwa upole kama sina jingine. Nikamjibu kwamba Papa atalala chali, halitaonekana.