Mwaka wa Nzige, Walipotaka Dole Langu

Mwaka ule tulikula nzige. Mama, mtu wa Pemba, aliwakaanga kwa chumvi na pilipili, akasema hawa ndio kamba wa nchi kavu, na kijiji chetu kizima kando ya Nizwa, Omani, kikacheka midomo imejaa. Tende tele, maji ya falaji, mfereji wetu, baridi mpaka meno yanauma. Leo nakaa Ibra na friji mbili zimejaa, lakini sijapata tena kula kwa raha ile.

Baba alikuwa mkubwa wa kijiji, na mnara wa babu yake, ndio nyumba yetu, ulikuwa mkononi mwake. Vita vya Sultani na Imamu vilipotufikia, Waingereza walikuwa upande wa Sultani, nao ndio wenye ndege.

Ndege ilikuja asubuhi. Nilisikia mlio tu.

Baba alikuwa mitendeni.

Tulimzika alasiri.

Siku ya tatu ya tanga wazee walikaa barazani. Kwetu ukubwa hauendi kwa mtoto. Wazee hushauriana, kisha mwenye dele la kahawa humpa kikombe cha kwanza yule waliyemtaka. Kikombe alipewa Ami Nasoro, ndugu yake baba. Nikadhani yamekwisha.

Wiki haijatimia akaja afisa wa Kiingereza na askari, na mkalimani wa Unguja mjini, mtu mzima na kitambi chake. Kanuni ni moja, mkalimani akatafsiri: mkubwa hurithiwa na mwanawe wa kiume. Baba hana, basi kafa bila mrithi, na kijiji kinaingia serikalini.

"Na Nasoro je?" mama akauliza.

"Huyo mkubwa wa kahawa? Serikali haimjui."

Karatasi ilitaka dole la mtoto wa marehemu, ashuhudie kuwa mrithi hakuna. Mtoto ni mimi peke yangu, miaka kumi na nne.

"Tia dole, mwanangu, twende tukale," mkalimani akanibembeleza kwa Kiswahili.

"Mwanao nani? Lugha yangu usiitumie kumwibia binti yangu!"

Afisa akasema maneno mawili matatu. Mkalimani hakubembeleza tena.

"Usipotia, mnara unalipuliwa sasa hivi."

Nikaficha mikono kwapani.

"Baba ana mrithi, wazee wamemchagua. Sitii dole."

Wakatutoa nje.

Wakaulipua.

Falaji ilipita chini ya mnara, na vifusi vikaiziba. Mitende ilikauka. Ami Nasoro alikimbia, akafia ugenini. Watu wakatawanyika, sisi tukaenda Pemba kwa wajomba; Omani nilirudi mtu mzima. Wanawake wenzake mama walilala njaa kwa neno langu, wala hakuna aliyenilaumu usoni. Hilo ndilo linaloniuma.

Juzi mjukuu wangu, mwanasheria, fahari yangu, kaniuliza: "Bibi, ungetia dole si mngebaki na maji?"

Labda tungebaki nayo. Nimeililia mitende ile miaka na miaka. Lakini iletwe karatasi ile leo, hapa mezani pangu, nitaiambia vile vile: "Baba ana mrithi, wazee wamemchagua. Sitii dole."