Siku Mama Ajida Alipokosa Proklamasyo

Enzi zetu, mtoto aliyepita darasa alirudi nyumbani mweupe wa poda kama muhogo uliomenywa. Najua, nina miaka kumi na saba na bado niko shuleni. Anayetaka kulicheka hilo neno "enzi" acheke sasa amalize. Wenzangu wa kambi ya basoda, yaani askari, kule Dilala watanielewa. Tulicheza mpira kwenye madimbwi mekundu ya mvua, tukala bukari na sombe kwenye sahani moja, batoto saba na kijiko hakuna. Wadogo zetu wa leo wakidondokewa na tone moja la mvua, wanakimbia kuokoa simu kwanza, halafu kichwa.

Kambini mwanamke aliitwa kwa cheo cha bwana yake: Mama Kaporali, Mama Sajini, Mama Kapiteni. Mama yangu alikuwa Mama Ajida, kwa sababu baba alikuwa ajida, ingawa miezi mingi hatukumwona. Alikuwa ametumwa mashariki. Kwa hiyo cheo cha mama kilikuwa cha kuazima, lakini hata Mama Kapiteni alimtii. Jumamosi ya salongo, ule usafi wa pamoja, alipita mlango kwa mlango, jembe begani, akigonga sufuria tupu kwa mwiko: "Ba mama, huu mufereji Leta, ile serikali yetu, hatakuya kuuzibua! Mutatoka, ao niingie?" Walitoka. Alifagia zahanati bila malipo, akaosha vichanga vya watu, akapika uji kwa watoto ambao baba zao walikuwa vitani.

Darasani walinichokoza: "Weye, mama yako ni ya kambi muzima. Haiko ya kwako!" Nilicheka kuwashinda, maana kucheka ndiyo kazi yangu hadi leo, lakini lile neno nilirudi nalo nyumbani.

Basi mwaka wa tatu wa msingi nikamwomba kitu kimoja tu. Siku ya proklamasyo, mkurugenzi wa shule anaposoma majina ya waliopita mbele ya wazazi, aje. Asimtume jirani. Aje yeye, na kopo la poda, animwagie kichwani kama mama za wengine.

"Nitakuya," alisema. "Hata kambi iwake moto, nitakuya."

Kambi haikuwaka moto. Jina langu lilisomwa, wa tisa, nikageuka. Mama hakuwepo. Kila upande poda ilikuwa inaruka, vigelegele vinalia, mi nimesimama pale na nywele zangu nyeusi kama mtu aliyeanguka mtihani. Kapinga, binti wa Mama Sajini, alikuwa wa kwanza, naye hakuwa na mtu. Alikunja karatasi yake akaondoka kimya. Mi kuondoka kimya sijui. Niliingia darasani, nikakung'uta kifutio cha ubao juu ya kichwa changu mpaka nikakohoa, kisha nikarudi kambini nikiimba na kuzungusha kiuno, mweupe wa chaki.

Nje ya nyumba ya Mama Sajini watu walikuwa wamejaa. Nikadhani ni sherehe ya Kapinga. Nikaingia nikicheza, na nilikuwa nimefika katikati ya mikeka ndipo nikaona hakuna anayecheka. Mama Sajini alikuwa chini, kitambaa cha kichwa kimemtoka, mama yangu amemshikilia kwa nyuma kama mtu anayezuia ukuta usianguke. Habari ilikuwa imefika asubuhi ile kutoka mashariki. Baba ya Kapinga hatarudi.

"Mutoto wa nani huyu, anakuya kucheza mu kilio?" akafoka shangazi mmoja.

"Ni wangu," mama akasema.

Akainuka, akanivuta nyuma ya jikoni. Nilingoja kofi. Yeye akafungua fundo la kikwembe chake, akatoa kopo la poda, jipya, halijaguswa.

"Nilikuwa mu njia ya kuya kwako," alisema. "Kilio ikanikamata pale kwa kona." Akaniwekea kopo mkononi. "Poda ni ya kwako. Fanya vile unapenda."

Akarudi mikekani.

Kapinga alikuwa ameketi pale nyuma juu ya bido, dumu la maji, karatasi ingali mkononi. Nisiwadanganye: nilifungua kile kifuniko nikilenga kichwa changu mwenyewe. Halafu nikamuuliza, ingawa nilijua, "Weye ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza," alisema. "Lakini papa hajue."

Nikammwagia yote. Akapiga chafya, akalia, akapiga chafya tena. Shangazi akaja mbio, akatuvuta hadi mbele ya watu: "Aa! Poda mu kilio? Muko na wazimu?" Mama akamjibu toka mikekani, wala hakupaza sauti: "Mumuache. Baba yake njo alipaswa kumumwangia." Mama Sajini akainua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama binti yake aliyekuwa mweupe wote, akafungua mikono.

Jioni mama aliniosha chaki kwenye beseni, vidole vyake vikichimba nyuma ya masikio.

"Wa ngapi?"

"Wa tisa."

"Mu batoto bangapi?"

"Makumi ine."

"Haya. Soma jina yako vile mukurugenzi alisoma."

Nikalisoma kwa sauti nzito ya mkurugenzi. Akanipigia vigelegele, chini chini, kwa sababu jirani kulikuwa na kilio. Nikasoma tena. Akapiga tena. Maji yakapoa, hatujamaliza.

Mama alituacha mwaka juzi, ugonjwa wa wiki mbili tu. Siku hizi poda inamwagwa mbele ya simu, na inarudiwa mpaka picha itoke vizuri. Kukiwa na kilio, tunatuma kwa simu viganja viwili vya njano vilivyounganishwa, tunaendelea na mchezo wetu. Mi pia, msinitazame hivyo. Enzi zetu mtu alikuja na miguu yake.

Watu bado wananisimamisha njiani, hadi sokoni Manika, wanieleze mama alichowafanyia. Nawasikiliza kwa adabu, mi nisiye na adabu. Kila mmoja ana kipande chake cha mama. Vile vigelegele vya chini chini nilikuwa nimevificha, viwe vyangu peke yangu. Leo nimeviandika hapa, navyo pia nimevigawa.