Mavi ya sungura kwenye gunia langu

Wasee, leo nimeumbuliwa na mavi ya sungura na bado nacheka.

Mimi na jirani yangu, Mama Mwende, tumebishana msimu mzima hapa Kisumu Ndogo. Kila mtu alipanda vitunguu kwa gunia, si vya kula, ni vya kutoa mbegu. Mimi ni mtu wa mbolea ya duka. Yeye ni samadi ya sungura wake tu, eti ya duka inaua udongo.

Leo tukapukuchua mbegu. Landlord wetu, Baba Hassan, akawa refa wa kuamua mbegu za nani ni bora.

Akapepeta sinia yangu. Akapepeta ya Mama Mwende. Akaziangalia sana.

"Hizi ziko sawa. Zote nyeusi, zote nzito."

Sawa aje?

Mama Mwende akaenda moja kwa moja kwa gunia langu, akachokora udongo, akatoa kitu cha mviringo.

"Haya si mavi ya sungura wangu?"

Nikaangalia mabati ya nyumba kama mtu anatafuta mahali inavuja. Nimekuwa nikiyazoa asubuhi akienda kuchota maji.

Kabla amalize kunicheka, dada wa duka la mbolea akapita njia.

"Mama Mwende, ile mbolea yangu ilikusaidia?"

Woi. Mama alijifunika uso na leso. Baba Hassan alicheka mpaka akakaa chini.

Kumbe sote tulikuwa tunachanganya, na ndio maana mbegu zimekubali.

Sasa amueni nyinyi, nani mnafiki zaidi?

Lakini msiniambie kwamba yeye angalau alinunua.