Mwendo wa Bi Tetea

Shemeji yangu ni mchora katuni, na msinicheke. Si zile katuni za magazetini za kuwasema wakubwa. Yeye huchora masomo ya watoto: kunawa mikono, kuhesabu mpaka ishirini, kwa nini maji yachemshwe, mbegu huotaje. Mwalimu wa masomo yote hayo ni kuku mmoja wa kahawia mwenye miwani, anaitwa Bi Tetea, na kama una mtoto mdogo nyumbani basi huenda unamjua kuku huyo kuliko unavyomjua jirani yako. Sauti ya Bi Tetea ni yangu. Mwendo wake ni wa mdogo wangu, marehemu.

Nianze na sauti, maana watu hudhani tuna studio. Studio gani! Mimi ni fundi cherehani, chumba changu kimejaa majora ya vitambaa na nguo za wateja, na shemeji aligundua kwamba humo ndani mwangwi hakuna, vitambaa vinaumeza. Basi nikawa nazima cherehani, najibanza katikati ya magauni yaliyotundikwa, najifunika blanketi na simu mkononi, jasho linanitoka kama nabeba zege, halafu nasema kwa furaha, "Watoto wazuri, leo tunanawa mikono! Ko-ko-ko!" Siku moja mteja aliingia kuulizia suruali yake akakuta blanketi linataga. Alirudi mlangoni mbio. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Yeye ndiye aliyekuwa mke wa mchora katuni. Utotoni alianguka, mguu wa kushoto ukaunga vibaya, akawa anachechemea. Shuleni walimwita Bembea. Mimi ndiye niliyekuwa napigana, na nilipiga wengi, maana sikujua kunyamaza wakati ule na sijui hata sasa.

Sasa, mchora katuni hawezi kutoa mwendo kichwani tu. Anataka mtu atembee mbele yake, amrekodi, kisha achore juu ya ile video picha moja moja, kumi na mbili kwa kila sekunde. Nyumbani walikuwa wawili. "Mke wangu, hebu pita hapo kwenye korido, jifanye kuku." Akakunja mikono kwapani, akatoa kifua, akapita. Shemeji akachora alichokiona, na alichokiona ni kile alichokizoea mpaka hakioni tena.

Somo la kwanza lilipokamilika tulikaa watatu mbele ya kompyuta. Kuku akaingia anabembea. Mdogo wangu akatazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Umenichora na mguu wangu."

Maskini shemeji, akaanza kuapa. "Sikujua. Wallahi sikujua. Nitaunyoosha kesho asubuhi."

Mdogo wangu akaomba aoneshwe tena. Halafu akamwambia, "Ukiunyoosha, mimi na wewe tutakosana."

Basi ukabaki. Haukupita muda watoto wa mtaa wakawa wanacheza Bi Tetea, wanabembea njia nzima, na yeye akipita wanapiga kelele, "Huyooo!" Mguu uleule uliomliza darasani ukawa unampa salamu barabarani. Alikuwa anazidisha makusudi ili wafurahi. Alipozaliwa binti yao, mdogo kiasi kwamba mimi nikamwita Kitufe, alikua akitazama masomo hayo mapajani mwa mama yake. Aliyempakata na aliyemo kwenye kioo walitembea sawasawa. Kwake wote wawili walikuwa Mama.

Kuna jambo nalifikiria kila siku. Kompyuta ya shemeji ilikuwa kuukuu, inajaa haraka. Akimaliza kuchora somo, anafuta zile video za mke wake akipita koridoni. Ndivyo wanavyofanya wote wa kazi hiyo. Azitunze za nini? Mwenyewe yuko jikoni anaimba.

Ilikuwa homa ya siku chache tu. Sitaki kuisimulia. Kitufe alikuwa hajatimiza miaka mitatu, na alipouliza, baba yake akamwambia, "Mama anaumwa. Akipona atarudi." Sote tulimsikia. Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkatiza.

Baada ya msiba shemeji aliipekua kompyuta kona hadi kona. Hakuna kitu. Picha za kawaida tulikuwa nazo, mdogo wangu amesimama wima kama yuko benki anangoja kuitwa, kwa sababu mbele ya kamera aliuficha mguu. Akitembea? Hata moja. Kila kilichobaki cha mwendo wake duniani kilikuwa ndani ya kuku mwenye miwani. Nilikuwa nafungua masomo hayo kwenye simu na kuyaangalia bila sauti, maana sauti ni yangu, na sikuwa na haja nayo.

Ndiyo maana meneja alipokuja nilimwakia. Ofisi yake ndiyo inayogawa masomo mashuleni, na yeye ni mama mpole, maneno yake yamepigwa pasi. Akasema walimu wanauliza mbona kuku anachechemea, watoto wanadhani ni mgonjwa. Siku hizi, akasema, kompyuta zina mwendo uliokwisha kutengenezwa, unachagua tu na kazi inakwenda upesi.

"Mama," nikamwambia, "huo si ugonjwa. Huo ni mtu. Ukiutoa huo mwendo, na sauti yangu utoe, ukamtafute jogoo akusemee!"

Shemeji akanishika mkono, akamweleza taratibu. Meneja akavua miwani, akafuta macho, akasema, "Nisameheni. Mwacheni alivyo." Siku hiyo nilishinda, jamani. Nilitembea kifua mbele mpaka sokoni.

Kisha Kitufe akaanza chekechea, na mwalimu wake akatuita. Mtoto ana nini mguuni? Sisi tulidhani ni mchezo, kila mtoto wa mtaa alicheza hivyo. Ila wenzake wakiitwa kula waliacha. Kitufe alikwenda mezani anachechemea, bafuni anachechemea, hata akiamka na usingizi machoni, mguu wa kushoto unabaki nyuma.

Hospitali walimpiga picha ya mifupa. Mizima kabisa. Daktari akatugeukia, "Nani nyumbani anatembea hivi?"

Tuliangaliana. "Hakuna," shemeji akasema.

"Mama," akasema Kitufe pale kitandani.

"Mama yuko wapi?"

"Kwenye kompyuta."

Daktari aliweka kalamu chini. Tulipomweleza, alitwambia bila kuzunguka: mifupa ya umri huu bado laini, akiendelea hivyo kiuno kitafuata na mgongo utafuata. Mpeni mwendo mwingine wa kuiga.

Tulipofika nyumbani shemeji akamlaza mtoto, akanifuata nilipokaa. "Dada, nitaunyoosha."

Nililipuka. "Umnyooshe nani? Mwenyewe alikukataza! Kwa mdomo wake, mimi nikiwepo! Unataka tubaki na nini?"

"Alinikataza kabla Kitufe hajazaliwa," akasema. Hakupandisha sauti. "Dada, angekuwepo leo, akamwona mwanawe anaburuta mguu mzima, angesemaje?"

Nilimjua mdogo wangu tangu anatambaa. Angeunyoosha mwenyewe, hata kwa meno. Nikalia mpaka kichwa kikaniuma, na shemeji akanisubiri nimalize.

Ule mwendo wa kuchagua aliukataa. Alisema kama ni kuutoa, atautoa mwenyewe kwa mkono wake. Akafungua masomo yote, moja baada ya jingine, akawa anachora upya mguu wa kushoto peke yake. Kifua aliacha, shingo aliacha, mabawa yaliyokunjwa kama alivyokunja mikono yake siku ile aliyaacha. Mimi nilikaa karibu naye mchana kutwa napindia nguo za watu, na kila nikinyanyua macho naona mguu mmoja zaidi umenyooka. Tulishamzika mara moja. Sasa tulikuwa tunamzika tena, kidogo kidogo.

Akatunga na somo jipya, la kutembea vizuri, akaja chumbani kwangu na maneno yake. Nikazima cherehani, nikaingia kwenye magauni, nikajifunika. "Watoto wazuri! Leo tunatembea! Kushoto, kulia! Ko-ko-ko!" Bi Tetea hajawahi kuhuzunika, huo ndio mkataba wake na watoto. Tulirudia na kurudia. Kila mara shemeji anasema kwa upole nje ya blanketi, "Dada, kilio kinasikika. Pumzika kwanza." Na yeye pia alikuwa analia, nilimsikia.

Siku ya kumwonesha Kitufe nilimpakata mimi. Nilijua atakataa, atasema huyu siye, atalia, na nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nina pipi mfukoni. Bi Tetea akaingia. Kushoto, kulia, wima, kifua mbele.

Kitufe akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Akaweka kidole kwenye mguu wa kuku, akaufuata unavyokwenda. Kisha akageuka, na sijawahi kuona uso umefurahi vile.

"Mama Mkubwa! Mama amepona!"

Baba yake aliinamisha kichwa mezani. Kitufe akateleza kutoka mapajani mwangu, akaifuata korido ileile kwa miguu yote miwili, imenyooka, kushoto, kulia, anajihesabia mwenyewe. Hakuchechemea hata kidogo. Akasukuma mlango wa mbele, akasimama kizingitini anaangalia barabara.

"Sasa atakuja," akasema.

Nikaenda nikasimama naye.