Mkamwana wangu anaendesha mashine taratibu, na taratibu hiyo itamuua

Admin, jina langu lifiche, maana hapa Itaka hata kuku wananijua. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, shule niliishia darasa la nne, mwalimu alinichoka kabla sijamchoka. Nina mke, nina mashine ya kusaga, na nina tatizo ambalo tangu Jumatatu halijaniacha nikae kitako.

Mashine nilimwachia mwanangu. Yeye akanunua Tunduma shafti ndefu, ili injini moja izungushe mashine mbili, ya kukoboa na ya kusaga. Kisha akavuka mpaka kwenda Nakonde kwenye biashara zake, mashine ikabaki kwa mkewe. Binti ana adabu na mikono yake haijui uvivu. Shida ni hiyo shafti.

Ndugu zangu, shafti ndefu ina tabia. Ukiwasha, inazunguka vizuri. Ukiongeza mafuta, mwendo ukifika katikati inaanza kutetemeka kama ina malaria, ukuta unalia, vumbi la unga linashuka darini. Hapo hutakiwi kukaa. Unaongeza mafuta upesi, unapapita, na ukishapita inatulia kabisa. Kwa nini, sijui, msiniulize. Najua hivyo tu.

Sasa mkamwana wangu akiona inatetemeka anaogopa, anaacha kuongeza. Anaiweka palepale kwenye malaria na kusaga siku nzima.

Mtasema, mzee, si uingie umwoneshe. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawaingii chumba kimoja, hata mkono hawapeani. Akitokea huku, mimi natokea kule. Basi nikamtuma mke wangu: "Mwambie aongeze mafuta apite hapo."

Akarudi na jibu: "Anasema, mama, mwambie baba kitu kinachotetemeka siwezi kukiongezea mwendo. Kikichomoka je?"

Nikamwambia mke wangu basi akamwoneshe yeye. Akanitazama juu mpaka chini. "Mimi niliolewa na wewe, sikuolewa na injini."

Nikampigia mwanangu. "Baba, mwache mke wangu, taratibu ndiyo salama." Nikamwambia hii siyo gari ya maiti. Akakata simu.

Juzi binti alipotoka kuteka maji nikaingia mbio kwa mlango wa nyuma, nikaongeza mafuta, shafti ikatulia kama mtoto aliyenyonya. Yeye huko nje akasikia injini inavuma, akaacha ndoo. Nilipomwona anakuja nikachomoka nilikoingilia. Akaingia, akairudisha palepale kwenye malaria.

Leo asubuhi boliti ya beringi imechomoka. Imepita karibu na kichwa chake, ikazama kwenye gunia la mahindi la jirani yetu. Jirani alikuwa analia, binti alikuwa anatetemeka kuliko shafti. Nikasubiri watoke wote, nikakaza boliti nyingine mahali pake, nikavua mkanda wa mashine na kuondoka nao. Niko nao kwenye benchi la duka linalotazamana na mashine, nimeukalia. Bila mkanda hakuna kusaga, na bila kusaga hakuna anayekufa.

Akina mama wenye ndoo za mahindi wamenizunguka. Mmoja ananiambia, "Mzee, leo watoto wetu wale mkanda?" Nimemjibu achemshe vizuri, utalainika. Hakucheka.

Sasa hivi mke wangu ametoka huko kwenye mashine na ujumbe: "Mkamwana anasema urudishe mkanda, uje umwoneshe mwenyewe. Anasema ukiingia yeye hatoki, atasimama palepale aone mkono wako unavyofanya." Halafu akaongeza la kwake: "Ukiingia chumba kimoja na mke wa mwanao, chakula utapikiwa na hiyo injini."

Mimi utani nimeuzoea, lakini hapa utani umeniishia. Nikiingia, ukoo utanisema mpaka kaburini, na yule binti ataitwa hana adabu maisha yake yote. Nikirudisha mkanda bila kuingia, boliti nyingine inaweza isikosee kichwa. Kumfundisha kwa kutumana maneno nimeshindwa, kitu chenyewe kinataka mkono na sikio.

Nyie wenye wakwe na nyie wenye mashine, msinicheke, nisemesheni. Niingie? Jibuni upesi, maana binti ameshasimama mlangoni pa mashine, amefunga khanga kichwani, anautazama mkanda, na safari hii hakimbii.