Pumzi ya Kipini

Bwanamkuu wa Kipini alikuwa na sifa moja kubwa: kuziba pumzi. Tangu utotoni alishuka miambani kuvua kamba mawe bila mtungi wala mpira wa hewa, na wenzake walisema huyu akizama, mnaweza kuchemsha chai mkainywa kabla hajaibuka. Kwa hiyo kikosi cha waokoaji wa mafuriko kilipoundwa Garsen, alijiandikisha akiamini hana la kufundishwa.

Maji usiyoyafika hujui kina chake. Siku ya kwanza ya kuvaa mtungi, mwalimu wao, Rachael, alimvua miwani wakiwa chini ya maji. Bwanamkuu akafanya alichozoea: akafunga kinywa, akaziba pumzi, akapanda mbio. Rachael akamdaka mguu, akamtwanga tumboni mpaka mapovu yakamtoka.

"Pumzi yako ya Kipini unaivuta ukiwa juu," alimwambia walipotoka majini. "Hii ya mtungi unaivuta chini, imebanwa. Ukipanda nayo umeifunga, inatanuka na kupasua mapafu. Ukikosa hewa toa mapovu, usizibe kamwe."

"Nimesikia, mwalimu."

Aliona haya, tena haya kubwa, mtu wa miaka arubaini kufundishwa kupumua. Lakini mazoea yana taabu. Miezi minne alirudia zoezi lile lile: kung'oa kinywani kidomo cha mpira wa hewa, kutoa mapovu, kukisaka kidomo, kupumua. Wenzake wakicheka, yeye akirudia.

Mwezi Mei, mto Tana ulipoanza kupungua, wakaitwa kuitafuta pampu ya wakulima iliyozama karibu na Garsen. Bwanamkuu akashuka. Sora, Mworma aliyejifunza kuogelea kwa kuvusha ng'ombe, akabaki kwenye boti na kamba ya usalama. Chini ya Tana huoni hata mkono wako. Bwanamkuu alipapasa tope mpaka akaigusa pampu, akageuka, wavu wa zamani ukamnasa mtungi. Alipojivuta, kidomo kikachomoka kinywani.

Kinywa kikajifunga chenyewe. Miguu ikajikunja tayari kuruka. Aliogopa, aliogopa kweli, akajua hapa ndipo watu hufa. Akailazimisha midomo ifunguke, akaachia mapovu membamba, huku mkono wa kulia ukifagia kutoka pajani kwenda nyuma. Mara ya kwanza akashika wavu. Ya pili, mpira. Akaufuata hadi kwenye kidomo, akakitia kinywani, akapuliza maji yatoke, akapumua. Hakujivuta tena. Alihesabu pumzi kumi, ndipo akachomoa kisu, akakata uzi mmoja mmoja.

Alipoibuka, alishika ukingo wa boti, akamsimulia Sora yaliyompata.

"Kaka, wewe karibu kufa," Sora alisema. "Hiyo pampu wacha."

"Nikiondoka leo, sishuki tena maishani. Nipe kamba ya kuifungia."

Akaipokea kamba, akakiuma kidomo. Kisha akarudi chini na hofu yake yote, akipumua.