Magoli Matano ya Mista Walter

Kuna siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu Nassor, na jioni hii umenirudisha nayo kwa nguvu. Kaa. Chai itakuja, usiwe na haraka nayo. Mimi babu yako nina hasira, na mzee akikasirika hupaswa kusema moja kwa moja, ingawa najua nitazunguka tu, ndiyo maumbile yangu.

Nilikuwa kwenye kiti changu cha plastiki pembeni ya kiwanja chenu, kule nyuma ya magereji ya Ras Al Khor, nikaona kila kitu. Kaja yule kijana wa Kikongo, Bahati, askari wa mlangoni kwenye hoteli ya hapa mtaani kwetu Muraqqabat. Kaja na viatu vya mpira mkononi, kawaamkia wote kwa adabu, kawaambia anaomba namba katika timu yenu. Kwao alikuwa mfungaji, amefunga magoli mengi katika ligi ya mji wao, mpaka vita vikafika, uwanja ukawa kambi ya wakimbizi na timu ikatawanyika. Na wewe, nahodha mzima, badala ya kumtupia mpira ukatoa simu! Ukamwuliza jina lake kamili, ukalitafuta, hukulipata, ukaizungusha simu kwa wenzako. "Simu haikujui, kaka!" Yule rafiki yako Mkenya akadakia, "Huyu msee ni wa stori tu." Wakacheka wote. Yalla, toka nje, tuna mazoezi. Na kijana wa watu akaondoka na viatu vyake mkononi vilevile, hata mchanga havijagusa.

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Si kwa ajili yake peke yake. Kicheko kile nakijua. Mimi nilishakianzisha hapa hapa Dubai, kabla mama yako hajazaliwa.

Wakati huo nilikuwa karani bandarini Al Hamriya. Kazi yangu ilikuwa kusimama gatini na ubao wa kuandikia, magunia na makasha yakipakiwa, nami naweka mstari mmoja kwa kila kimoja, mstari wa tano unalala juu ya minne. Kanuni ya kazi ile ilikuwa moja tu: kisicho na mstari hakimo. Hata ukione kitu kwa macho yako, hata ukigonge kwa kidole, kama hakina mstari, hakimo. Ni kanuni nzuri sana kwa magunia ya mchele. Mimi, kwa ujinga wa ujana, nikaitumia kwa binadamu.

Msimamizi wetu alikuwa Mwingereza mmoja, Mista Walter, mtu wa karibu miaka sitini, mrefu, shingo imeiva kwa jua. Alikuwa amefanya kazi bandari ya Mombasa miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili alikijua, kile cha makuli, kimepinda huku na huku lakini kinafika. Ijumaa alasiri alikuwa anaifundisha timu yetu ya bandari. Tulikuwa Wazanzibari wengi, Wakenya wawili watatu, na golikipa Mbulushi. Mimi nilikuwa mshambuliaji, na kila nilichokijua mbele ya goli alinifunza yeye. "Usipige nguvu," alikuwa ananiambia. "Pitisha tu. Goli ni kubwa, kipa ni ndogo." Nikifunga, alikuwa anafurahi kuliko mimi.

Ijumaa moja tumemaliza mazoezi, tumekaa tunakunywa chai ya maziwa, mmoja wetu akamwuliza mambo yale aliyajulia wapi. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini siku ile alisema. Alikuwa na miaka ishirini na moja, anachezea timu ya ligi kubwa kwao. Msimu mpya ukaanza. Mechi tatu, magoli matano. Hakuna aliyemfikia nchi nzima. Mara vita vikatangazwa, vile vita vikubwa vya dunia, ligi ikafungwa. Na wakubwa wa mpira wakakaa wakaamua kwamba zile mechi tatu zifutwe, zihesabiwe kama hazikuchezwa.

Hebu sikia upuuzi huo, mwanangu! Mpira umeingia wavuni, watu wamerusha kofia zao juu, kipa amekwenda kuuokota nyuma, halafu bwana mmoja mwenye kalamu anakaa ofisini anasema haukuingia. Ebo! Mpaka leo nikilifikiria jambo lile damu inanichemka. Mista Walter akapewa bunduki. Miaka sita. Alipigana majangwani, akaumia goti, na aliporudi alikuwa na miaka ishirini na saba, na namba yake inavaliwa na mtoto aliyekuwa skuli wakati yeye anaondoka. Wenye timu wakampa mkono, wakamshukuru. Basi. Miguu ya mshambuliaji haina miaka mingi, na ile mizuri yake ilimalizikia vitani. Ndipo akatafuta kazi mbali, Mombasa, kisha hapa.

Sasa mtu akikuhadithia jambo kama hilo, muungwana humpa pole. Mimi nilifanya nini? Ofisini kulikuwa na karani mwenzangu, kijana wa Kiingereza, ana kitabu kinene cha mpira wa kwao, kila mchezaji na magoli yake. Nikakiazima. Nikamtafuta Mista Walter kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, nikamwona: msimu wa kwanza, magoli saba. Msimu wa vita, hakuna kitu. Patupu. Nikasema aha, huyu kumbe mwongo, kisicho na mstari hakimo.

Ijumaa iliyofuata nikaenda na kitabu kwapani. Nikangoja watu watimie, nikakifungua mbele yao wote. "Mista Walter, yale matano yako wapi? Mbona kitabu hakiyajui?"

Nilijiona natania. Na sisi watu wa pwani utani tunao, tumezaliwa nao, tunataniana mpaka msibani. Lakini utani una mpaka wake na kila aliyelelewa anaujua: unaweza kumtania aliyefiwa ili acheke, humcheki kwa kufiwa kwake. Mimi niliuruka mpaka ule kwa miguu miwili. Wenzangu wakaangua kicheko, mmoja akalala mchangani akishika mbavu. Yeye alikichukua kitabu, akautazama ule ukurasa kwa muda, akakifunga polepole, akanirudishia. Tangu siku hiyo jina likamganda: Bwana Matano. Makuli wanamwita gatini, "Bwana Matano, chombo kimejaa!" Na mazoezini hakuja tena.

Habari zikafika nyumbani kabla yangu. Mama alikuwa amekaa chini anachambua mchele. Aliposimamisha mikono nikajua pana jambo.

"Ni wewe uliyemtia jina mzungu wa watu?"

Nikacheka. "Mwongo yule, Mama. Nimemtafuta kitabuni, hayo magoli hayamo."

"Cheti chako cha skuli kiko wapi?"

Cheti sikuwa nacho. Mwanangu, sisi kwetu Zanzibar mambo yalipochafuka tuliondoka na nguo za mwilini. Skuli ilikuwa imefungwa nimebakisha miezi michache, na karatasi zangu sijui ziliishia wapi. Siku niliyokwenda kuomba kazi bandarini, Mista Walter aliniuliza cheti, nikamweleza hivyo hivyo. Alinitazama, akanipa kalamu, akaniambia andika hapa, hesabu hapa. Nikaandika, nikahesabu. Akasema, "Khalas. Kesho njoo." Jambo la cheti hakuligusa tena.

"Yeye alikuamini huna karatasi," Mama akasema. "Wewe umemdai karatasi. Nyani haoni kundule! Wewe vita vyako vilikula skuli, vyake vikala mpira, mna tofauti gani? Nani kakufunza kumvua mtu nguo mbele za watu? Nenda ukamtake radhi, na chakula changu usikiguse mpaka umekwenda."

Mama hakuwahi kuninyima chakula hata siku moja katika maisha yake. Niliondoka pale nimenywea.

Nini? Unasemaje, Nassor? Umeshaelewa, utamtumia Bahati ujumbe sasa hivi? Weka hiyo simu chini! Weka, nakwambia! Ujumbe! Unafikiri nimekukalisha hapa nikusimulie habari za mchele na vitabu? Aibu yangu kubwa sijaifikia bado. Kunywa chai yako usikilize.

Nilimfuata Mista Walter ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya ghala. Nilichagua saa ya chakula, watu hawapo. Nikaingia, nikafunga mlango nyuma yangu. Nikamwambia kila kitu, nimekosa, nisamehe, wewe ni kama baba yangu. Na nilikuwa nasema kweli, machozi yalikuwa yananilengalenga. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, taratibu, kwa Kiswahili chake kile:

"Kucheka ilikuja watu mingi. Samahani imekuja peke yake."

Hakunifukuza. Alisema hivyo tu, akarudi kwenye kazi yake.

Nilimfahamu vizuri sana. Nikamwambia, "Ijumaa, mazoezini, nitasema mbele ya wote, inshallah." Nikarudi nyumbani, nikamwambia Mama nimeshamtaka radhi, nikala. Chakula kilipita kooni vizuri tu. Ijumaa ikafika. Nikawaona wenzangu, wanapiga soga, wanamwiga Bwana Matano anavyotembea na goti lake, na mimi nahodha wao, mfungaji wao. Nikajiambia Ijumaa ijayo. Na Ijumaa ijayo nikasema ijayo. Na huku najua kabisa mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi na anarudi kwao!

Siku ya kuaga tulipangwa mstari mbele ya ofisi, anampa mkono kila mtu. Nikajiambia sasa, sasa, akifika kwangu nitasema kwa sauti. Akafika. Mkono wake umeshika wangu. Na mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Matano," wengine wakaguna kicheko kwenye pua.

Mista Walter alisikia. Hakumtazama aliyesema. Alinitazama mimi, akangoja. Wallahi alingoja, mwanangu, hakuuachia mkono wangu mara moja. Nami nikatazama viatu vyangu. Basi akauachia, akaenda kwa wa pili.

Sikumwona tena. Mwaka uliofuata yule karani Mwingereza alinieleza, bila hata kumwuliza, kwamba ndiyo, msimu ule kweli ulianza na kweli ulifutwa, na wengi walipoteza magoli yao. Alilisema kama habari ya kawaida. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia. Nilikuwa na ndevu tayari.

Kwa hiyo nisikilize, na uwasikilizishe wenzako. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na ulimi wako leo umejikwaa mbele ya watu ishirini. Vita vikimpitia mtu humchukulia miaka yake, nyumba yake na waliomshuhudia, kisha sisi tuliokaa salama tunamwuliza ushahidi uko wapi. Nani amewaandika wafungaji wa mji ambao watu wanaukimbia? Nani alikuwa na nafasi ya kuwapiga picha? Hujafa hujaumbika, Nassor. Wewe uko hapa una pasi ya kusafiria na viatu vipya kwa sababu kuna mtu aliwahi kumwamini babu yako bila karatasi.

Bahati ana siku moja tu ya mapumziko kwa wiki, na leo aliileta kwenu. Kesho nenda kamsalimie mlangoni kwake hotelini, umwalike kwa heshima, na uishie hapo. Maneno yenyewe ukayaseme uwanjani, mbele ya walewale uliowachekesha, na yule Mkenya wako awepo. Sema jina lake, sema, "Nilikukosea hapa, nakutaka radhi hapa." Usiongeze mzaha wa kupunguza aibu, aibu ile ni yako, ibebe. Kisha mpe mpira. Akiweza, atacheza. Asipoweza, iwe ameshindwa kwa miguu yake, si kwa simu yako. Na akikukatalia msamaha, hiyo ni haki yake, wewe utakuwa umelipeleka neno pale lilipotakiwa, jambo ambalo mimi nimeshindwa kulifanya mpaka meno yamenidondoka.

Nami nitakuja, mwanangu. Nitasimama, sitakaa, mpaka umalize. Mwenyezi Mungu akupe maisha marefu na afya ya miguu, akuepushe na vita wewe na watoto wako, na mkono wa uliyemkosea ukiwa bado umeshika wako, akufungue kinywa.